Kisutu Darini

Kutoka dari yetu ya Sparki
Shimba ni mstari tu, buluu iliyofuliwa mara nyingi,
nyuma ya matangi ya mafuta na mnara wa simu,
na mama akiutazama husema neno moja:
"Kwale wanyeshewa. Anua."
Miaka arobaini na mmoja nimeanua nguo
kwa amri ya mlima nisioujua.

Jumamosi nikamwambia, leo nakwenda kuukanyaga.
Hakuuliza na nani. Aliuliza viatu.
Kisha akafungua sanduku, akatoa kisutu,
kile alichonibebea, kisicho na maneno upindoni,
chekundu bado penye mikunjo.
"Ntakianika darini. Ukifika juu, tazama."

Feri ya saa kumi na mbili na robo. Tulikuwa tisa:
Zuwena wa benki, buti zake bado zanuka duka;
Bwana Katama, mstaafu wa reli,
mkongojo wake fimbo ya pazia;
wengine majina yao sikuyashika, nilishika pumzi zao,
nani anakoroma akipanda, nani anahesabu.

Langoni tukapewa askari, jina lake Nyamvula,
bunduki begani, pipi ya tangawizi shavuni.
"Msinipite. Wala msinong'one, semeni kwa sauti.
Ndovu hapendi kushtukizwa,
kama mtu yeyote aliye chooni."

Basi tukaupanda mgongo.
Sina jina lingine, ni mgongo:
uti uko juu, mbavu zashuka kote kuwili,
huku msitu mweusi wadondosha maji ya jana,
huku nyasi zimelala upande mmoja
kama nywele za mtoto aliyeamshwa.
Kinyesi bado kinafuka njiani.
Palahala dume, pembe zimerudi nyuma
kama mtu aliyekumbuka jambo,
akatutazama, akatupuuza.
Saa tatu lengelenge likanipasuka kisiginoni.
Sikusema. Mwenye kubebwa mgongoni hasemi njia ni mbaya.

Saa nne, pale mgongo unapokatika ghafla,
Nyamvula akanyoosha mkono:
"Mombasa yenu hiyo."

Yetu!
Kitu kama ukoko uliobaki sufuriani.
Winchi za Kilindini, sindano sita au saba
zimechomekwa kwenye kitambaa cha kijivu
kilichokuwa kikishuka polepole juu ya kisiwa.
Nikatafuta Sparki. Nikafumba jicho moja.
Bwana Katama akaniazima darubini.
Nikaona weupe, na weupe mwingine,
nikaona doa jekundu...
hapana, ni kope yangu.

Wenzangu wakala mahamri.
Zuwena akavua buti, akazitukana kwa adabu.
Mimi nikasimama na mji mzima kwenye vioo viwili vidogo,
mji wenye mtu mmoja ndani yake
anayengoja kuonekana,
na sikumwona.

Kushuka hakuna hadithi.
Hadithi wanayo magoti.

Usiku, miguu karaini, maji ya chumvi.
Mama ameketi kwenye kibao cha mbuzi,
nazi imekwisha kukunwa, bado hainuki.
Haulizi ndovu. Haulizi maporomoko.
"Ulikiona?"
"Nilikiona, mama. Kilikuwa chapepea."

Akanyamaza.
Akaniongezea maji moto kwa kikombe,
pembeni pembeni, yasinichome.
"Saa nne hapa palinyesha," akasema,
"mvua ya kunifukuza darini. Nikakianua.
Hebu niambie, mwanangu,
uliona kisutu cha nani?"

Na juu ya sanduku, kimekunjwa mara nne,
kiko pale,
upindo mmoja bado mbichi.